Mpokeaji Amejaa

Debre Markos, 20 Tikimt 2000

Tsigiye mwanangu,

U hali gani huko kwenye barafu? Sisi huku wazima wa afya, ila kukukumbuka tu ndiko kunakotuumiza. Mama yako mdogo Alemtsehay anakusalimu sana. Goti lake bado linatabiri mvua, na mwaka huu limekosea mara mbili tu, kwa hiyo majirani wameanza kuja kuliuliza. Ng'ombe amezaa ndama dume mwenye masikio kama ya mkuu wetu wa idara. Mwaka mpya tuliusherehekea ipasavyo, milenia si kitu cha kila mwaka, na mimi nilikula nyama siku tatu mfululizo mpaka tumbo likanishitaki.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa kalamu, mimi ninayejisifu kila msibani na kila harusini kuwa mtu wa kwanza wa masjala kupata barua pepe. Nimefungiwa, mwanangu. Chuo kimetugawia kila mfanyakazi megabaiti ishirini kwenye seva, na zangu nimezimaliza zote. Barua za watu haziingii, zangu hazitoki. Na kazi yangu, kama unavyojua, ni mkuu wa masjala. Nalipwa mshahara ili majalada yasirundikane.

Bwana Habtamu wa kompyuta amebandika ukutani, pale pale tunaponywea chai, orodha ya waliojaza masanduku. Mimi ndiye wa kwanza. Usidhani ni kwa mpangilio wa alfabeti. Kwa alfabeti yetu, inayoanza na Ha, angekuwa Habtamu mwenyewe.

Simu sitaki. Sikio langu la kulia limestaafu kabla yangu, na simu ya mkononi ya nyumba hii inakaa kwa Alemtsehay, ambaye husikiliza. Sasa wewe unayelinda seva ya chuo kizima huko Uppsala, hebu nifundishe mzee wako namna ya kujinasua, kimyakimya, bila Habtamu kujua. Kilichojaza sanduku ni mambo ya kikazi.

Habari za baba yako sina. Nilimwona Jumapili kanisani, upande wa pili wa uzio. Gabi lake lilikuwa jeupe, limefuliwa vizuri. Zaidi ya hapo usiniulize.

Baba yako mdogo,
Ayalneh Worku


Uppsala, 24 Novemba 2007

Gashe Ayalneh,

Shikamoo nyingi kutoka kwenye giza. Huku jua linachomoza saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri limeshachoka. Mimi mzima. Nimepika shiro jana, nikaunguza, nikaila hivyo hivyo. Mpe pole goti la Mama Alem, na ndama mwambie asikate tamaa, mkuu wa idara naye ana watu wanaompenda.

Nina habari. Nimepata mchumba. Anaitwa Sisay Belew, muuguzi, kwao ni Finote Selam, na anakula shiro yangu bila kulalamika, ndipo nilipojua. Wazee wa kwao watakuja kwa baba kuleta posa Pasaka ikishapita. Gashe, nyumba yako inaonekana kutoka mlangoni kwa baba. Wazee wakimkuta yuko peke yake watauliza mdogo wake yuko wapi, na wakiuliza wataambiwa. Baba ameniambia kwa simu kwamba atawapokea peke yake. Mimi nimemwambia Sisay kwamba siolewi kutoka nyumba ya ndugu wasiosalimiana. Sikusema kwa hasira. Nataka nyinyi wawili mkae benchi moja siku hiyo, basi. Miaka mitatu inatosha.

Sasa tuje kwenye sanduku lako. Barua unazozisoma haziko kwenye kompyuta yako, Gashe. Ziko kwenye seva, ile mashine ya chuo inayokaa chumba chenye feni, na ya kwako ni dirisha tu la kuzichungulia. Dawa yake si kufuta. Zihamishe. Katika programu yako ya barua fungua jalada jipya, uliweke kwenye kompyuta yako mwenyewe, uliite Kumbukumbu. Halafu tafuta pale palipoandikwa kuhifadhi barua za zamani, uiambie mashine: kila barua iliyozidi miezi sita itoke kwenye seva ije kwenye jalada hili. Itakuuliza kama una hakika. Sema ndiyo. Seva itapumua, na barua zako utakuwa nazo zote hapo mezani kwako.

Na ufanye haraka. Mtu akikuandikia wakati sanduku limejaa, seva hainyamazi. Inamrudishia barua yake na maneno makavu juu yake, na mtu asiyejua mambo haya anaweza kudhani umeyaandika wewe.

Wako,
Tsigereda


Debre Markos, 15 Tahsas 2000

Tsigiye,

Hongera, hongera tena. Alemtsehay alipiga vigelegele mpaka kuku wakatoka nje. Mtu anayekula shiro iliyoungua mshike, hapotei huyo. Huku tumevuna teff, si haba. Padri wa parokia amenunua pikipiki na watu wanaungama zaidi tangu walipomwona akiiendesha.

Kuhusu benchi. Mimi sina ugomvi na mtu. Wewe hukuwepo, kwa hiyo nikueleze. Siku ya arobaini ya bibi yako, Mungu amrehemu, baba yako ndiye aliyetoa pombe. Tella ile ilikuwa nyepesi. Nilisimama, kama mtu anayejulikana kwa maneno mazuri, nikasema mbele ya wageni kwamba anayetaka kunywa anywe, na anayetaka kuoga aoge. Watu sitini walicheka. Baba yako aliweka birika chini, akachukua fimbo yake, akaenda kwake. Tangu siku ile hanisalimu. Ni mzaha tu ule. Mtu mzima anaacha kuongea na ndugu yake kwa sababu ya mzaha? Mimi siku zote nimekuwa tayari kusalimiwa.

Sasa sanduku. Nimefuata maneno yako yote, moja baada ya jingine, barua yako nimeibandika kwenye kioo cha kompyuta. Nimefungua jalada, nimeliita Kumbukumbu. Nimeiambia mashine ihamishe kila kilichozidi miezi sita. Imefikiri kidogo, ikanijibu kwamba hakuna barua hata moja iliyotimiza miezi sita. Nikarudia kesho yake. Hakuna. Nimerudia kila siku ya kazi kwa wiki mbili, asubuhi na baada ya chakula, na kila siku mashine inaniambia barua zangu zote bado changa.

Nikajisikia kijana, siwezi kukuficha. Lakini orodha ya Habtamu iko pale pale na mimi bado naongoza. Jana mwalimu mmoja wa jiografia alinipa mkono wa pongezi.

Ayalneh wako, wa kwanza darasani


Uppsala, 18 Januari 2008

Gashe,

Heri ya Krismasi iliyopita na heri ya sikukuu ya Timket inayokuja keshokutwa. Theluji imefika magotini. Sisay anajifunza kuteleza kwa mbao za miguuni, na mpaka sasa anachokiweza ni kuanguka, na hilo analifanya kwa ustadi. Nilimpigia mama siku ya Krismasi, tukaongea sana. Aliniambia jambo, akaniapisha nisilirudie.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani programu imeharibika. Mara ya pili nilidhani nimekosea kukuelekeza. Mara ya tatu nikaangalia juu ya karatasi, pale ulipoandika tarehe, nikalazimika kwenda kunywa maji.

Gashe, usikasirike. Angalia pembeni chini ya kioo cha kompyuta yako, penye saa. Inasema ni mwaka gani? Kama inasema 2000, basi kuna mtu ameibadilisha. Mashine hizi zinahesabu kwa kalenda ya huku, iliyotangulia yenu kwa miaka saba au minane, na kwa kalenda ya huku chuo chenu kilianza barua pepe mwaka 2002. Mashine yako inadhani barua zako zote zinatoka miaka ijayo. Haiwezi kuhifadhi kumbukumbu za mambo ambayo hayajatokea.

Irudishe 2008, kisha ufanye tena kama nilivyosema. Zikishahama, zinakili pia kwenye diski, maana zikitoka kwenye seva zitakuwa kwenye kompyuta yako tu, na kompyuta yako inakaa chini ya dari linalovuja. Halafu nina ombi. Zipange kwa ukubwa uone ni nini kilichojaza sanduku. Hasa angalia Aprili 2005, yaani Miyazya yenu ya 1997. Niambie sanduku lilikuwa na hali gani mwezi huo. Usiniulize kwa nini.

Tsigereda


Debre Markos, 10 Yekatit 2000

Tsigiye,

Tuko salama. Alemtsehay alianguka uani akainuka mwenyewe, kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kusema kitu. Ndama ameachishwa ziwa na analaumu nyumba nzima.

Mtu aliyebadilisha saa ni mimi. Siku ya kwanza ya mwaka mpya niliwakusanya wafanyakazi wa masjala, watu watano na mlinzi, tukakata mkate, nikatoa hotuba. Nilisema kwamba kwa miaka yote mashine hii imetudanganya mwaka, na sasa nchi yetu imeingia milenia na mashine nayo iingie. Nikabonyeza mbele yao: mwezi wa kwanza, tarehe moja, 2000. Na saa nikaiwekea saa zetu, asubuhi iwe saa mbili kama Mungu alivyopanga. Walipiga makofi. Mlinzi alifuta machozi, ingawa baadaye alisema ni vumbi la majalada.

Kwa hiyo kwa miezi mitano barua zangu zimekuwa zikitoka kwa watu ambao hawajaziandika, na mimi nimekaa hapo natabasamu. Nimeirudisha mashine kwenye mwaka wenu, mlango umefungwa, asije mtu akaona milenia inaondolewa. Halafu nikabonyeza. Tsigiye, zilihama kama nyuki. Barua elfu moja mia tisa na kumi na mbili, saa moja na nusu, mimi nimekaa nazihesabu. Nikanakili kwenye diski kama ulivyosema, diski nimeifunga kwenye kitambaa, iko kabatini na vyeti vya ndoa. Sanduku langu kwenye seva sasa ni tupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Habtamu amefuta jina langu kwa rula.

Kilichojaza ni nyaraka za kihistoria. Miyazya ya 1997 kulikuwa na nyaraka hizo hizo. Ndiyo, lilikuwa limejaa. Lilijaa mwezi mzima, kila nikipunguza linajaa tena, nakumbuka Habtamu alinifuata mpaka msalani kuniambia. Sasa umeridhika? Wewe na mama yako mna nini na mwezi huo?

Ayalneh


Uppsala, 8 Machi 2008

Gashe Ayalneh,

Najua mmeanza mfungo, nawatakia nguvu. Mimi nimefunga nyama na maziwa, na Wasweden wa ofisini wanadhani ninaumwa. Sisay hajambo.

Ningeweza kukutumia kwa kompyuta, sanduku lako sasa lina nafasi, lakini hii nataka uishike mkononi. Navunja kiapo cha mama. Lawama nitabeba mimi.

Miyazya ya 1997 baba alikuandikia. Miezi mitatu tu baada ya arobaini ya bibi. Aliona haya kuja mlangoni, na barua ya nyumbani ingefunguliwa na Mama Alem, kwa hiyo alikwenda duka la intaneti karibu na posta, akamlipa mtu amfungulie anwani ya barua pepe, akaandika mwenyewe kwa kidole kimoja. Jibu lilikuja palepale, hata hajainuka kitini. Lilikuwa kwa Kiingereza. Alilichapisha akaenda nalo nyumbani, akakaa na kamusi.

Lilisema: Ujumbe wako umekataliwa. Mpokeaji amejaa.

Ilikuwa ni seva, Gashe. Wewe hukujua, na yeye hakujua. Yeye alijua ametuma barua kwa ndugu yake, na ndugu yake amemjibu kwa dakika moja kwamba anamkataa, kwamba amejaa naye. Hakumwonyesha mtu. Mama aliikuta karatasi ile ndani ya kitabu chake cha sala mwaka jana tu. Barua yake mwenyewe iko kwenye karatasi hiyo hiyo, chini ya lile jibu, yote. Mama alinisomea. Sitakuandikia ilisema nini. Karatasi iko kwa baba. Kaisome.

Pasaka ni tarehe ishirini na saba Aprili. Wazee watakuja Jumapili inayofuata. Sisay ameuliza kama awaambie wangoje, nikamwambia sijui.

Tsigereda


Debre Markos, 25 Megabit 2000

Tsigiye mwanangu,

Sote wazima. Sitaki kukuzungusha na habari za ndama leo.

Barua yako ilinifikia siku kumi na mbili kabla sijakwenda kwa baba yako. Siku ya kwanza nilisema nitakwenda Jumapili. Jumapili nikasema si vizuri kwenda siku ya Bwana na jambo kama hili. Jumatatu nilikuwa na kikao. Jumanne kulikuwa na dalili ya mvua. Goti la Alemtsehay lilikataa, mimi nikaliamini anga. Hatua mia tatu, mwanangu, nimezihesabu. Mtu anafika Addis Ababa kwa muda mfupi kuliko niliotumia mimi kuvuka kiwanja cha soko. Mwishowe Alemtsehay, ambaye alikuwa amesoma barua yako kabla sijarudi kutoka kazini, alinivika gabi akanisukuma nje na kufunga mlango kwa ndani.

Mbwa wao alinitambua akatingisha mkia. Nilitamani aning'ate.

Baba yako alikuwa kwenye cherehani, anashona joho la kanisa, kitambaa kiko karibu na pua kama anakinusa. Hakuinua kichwa. Akasema, "Kuna kiti." Nikakaa. Mama yako akaingia na kahawa, akatuangalia mmoja mmoja, akaiacha yote mezani akatoka. Nikamwambia nimekuja kusoma barua yangu.

"Barua gani?"

"Ile uliyoniandikia. Haikunifikia."

"Ilikufikia, ukajibu."

"Kaka, si mimi niliyejibu. Ni mashine."

"Mashine ilijuaje kuwa umejaa?"

Alikitoa kitabu cha sala, akaitoa karatasi. Akanipa, akasema nisome kwa sauti maana jioni macho yake hayampi ushirikiano. Nikasoma. Nakuandikia, ingawa unaijua.

"Ayalneh ndugu yangu. Daktari anasema jicho la kushoto limeingia ukungu, na la kulia linafuata. La kushoto litapasuliwa Addis Ababa. Naondoka Jumanne kwa basi la alfajiri. Mke wangu anauguza mama yake, hawezi kutoka. Naogopa. Yale ya tella nimeyaacha. Njoo twende wote. Kama huwezi, niambie tu huwezi."

Pale penye "naogopa" nilikwama. Huyu ndiye aliyenivusha mto Chemoga mgongoni mwake kila msimu wa mvua mpaka nilipofika darasa la nne, na sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo. Nikasoma tena tangu mwanzo ili nilipite kwa kasi, nikakwama palepale.

"Nilikwenda peke yangu," akasema. "Siku ya kutoka hospitali nilikuwa nimefungwa jicho, magari yanatoka kila upande. Mwanamke mmoja muuza bahati nasibu alinivusha barabara. Nikanunua tiketi yake kwa shukrani. Haikushinda."

Kisha akauliza, "Hilo sanduku lako lilikuwa limejaa nini?"

Tsigiye, wewe nilikuambia mambo ya kikazi, halafu nikakuambia nyaraka za kihistoria. Nilikudanganya mara mbili kwa barua zenye stempu. Kilichojaza sanduku ni mimi. Nimekuwa naandika kitabu cha maisha yangu, kurasa mia nne, na picha. Kila nilipobadilisha sentensi nilijitumia nakala nzima, isije ikapotea, taifa likakosa. Nilipozipanga kwa ukubwa ulivyosema, kati ya megabaiti ishirini nilikuta kumi na nane ni mimi najiandikia mimi. Nilijisaini kwa heshima zote, "wako mtiifu".

Nikamwambia baba yako: kitabu.

"Kitabu gani?"

"Cha maisha yangu."

Akafikiri. "Na mimi nimo?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilifungua kinywa kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimeshika ile karatasi, na tarehe iko juu yake, na wiki ile ya Miyazya naijua vizuri nilikuwa nafanya nini ofisini. "Ulikuwemo," nikasema. "Sura tatu. Baada ya arobaini ya mama nilikasirika, nikakutoa. Ilinichukua mwezi mzima, maana ulikuwa kila mahali. Nikikutoa hapa unatokea pale. Na kila nilipokutoa nilijitumia nakala."

Alilisukuma joho pembeni. "Kwa hiyo nilishindwa kuingia," akasema polepole, "kwa sababu ulikuwa bado unanitoa."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, mpaka mama yako akachungulia mlangoni kuona nani ameumia. Mimi sikuweza kucheka. Nililia, mwanangu, mtu mzima mwenye cheo, kahawa mkononi, na kahawa ikaingia chumvi. Aliponyamaza alisema kwamba bado ana hasira, tena nyingi, lakini sasa ni hasira mpya, na mpya anaiweza.

Jicho la kulia atapasuliwa mwezi wa Ginbot. Tumekata tiketi mbili.

Zile nakala kumi na moja za mwezi ule nimezifuta, na kwenye diski pia. Sijui kama kitabu kitaisha. Sijutii.

Ayalneh


Debre Markos, 28 Miyazya 2000

Tsigiye,

Pasaka njema iliyopita. Tulichinja pamoja, kondoo mmoja nyumba mbili, na Alemtsehay na mama yako waligombana kuhusu viungo kwa furaha kubwa kabisa. Najua mama yako ameshakupigia kukueleza juzi yalikwendaje, lakini yeye alikuwa jikoni akisikiliza ukutani. Mimi nilikuwa ndani.

Walikuja watatu kutoka Finote Selam, wazee wa maana, mmoja na mwavuli. Unajua desturi yetu: wanaoleta posa hawakai. Utawabembeleza, utawaonyesha viti, wao wamesimama tu wameshika fimbo, mpaka wapate neno la kukubaliwa. Na baba wa binti naye hatoi neno siku ya kwanza. Anasema lazima ashauriane na ndugu, warudi baada ya wiki mbili. Wanajua atasema hivyo kabla hawajatoka kwao. Wanakuja wakiwa wameshabeba chakula cha njia ya kurudi.

Baba yako nami tulikuwa benchini, bega kwa bega. Wakaeleza haja yao, kwa maneno mazuri, marefu. Walipomaliza, baba yako akasafisha koo, akasema, "Wazee wangu, jambo hili silijibu peke yangu. Nina ndugu. Lazima nimuulize."

Wazee wakaitika kwa kichwa. Ndiyo maneno yenyewe. Mwenye mwavuli alikuwa ameshaanza kugeuka mlangoni.

Baba yako akanigeukia. "Ayalneh," akasema, "unasemaje?"

Na mimi, mwanangu, mtu wa hotuba, niliyejitumia kurasa mia nne za maneno yangu mwenyewe, sikuwa na hata moja. Nilitazama miguu yangu. Nilitazama miguu ya wazee, vumbi la Finote Selam liko bado kwenye viatu. Baba yako hakuniharakisha. Alikaa ameniangalia kwa lile jicho lake linaloona, anangoja jibu langu.

"Wakae," nikasema.

Wakakaa.

Baba yako mdogo,
Ayalneh